Mwanasaikolojia akinukuliwa sana ndo mkubwa?

Mdadisi: Wakuu, mnaikumbuka ile orodha ya mtafiti Haggbloom na wenzake ya 2002, wanasaikolojia 100 mashuhuri zaidi wa karne ya 20? Skinner wa 1, Piaget wa 2, Freud, yule mwanzilishi wa kutibu akili kwa mazungumzo, wa 3. Waliangalia nani kanukuliwa sana kwenye majarida na vitabu vya kiada, wakawauliza na wanasaikolojia wenyewe, wakaongeza tuzo na mambo mengine. Siku hizi mtu anaombewa uprofesa kwa hesabu kama hizo, ni haki kweli? Mi nasema hapana. Halafu Freud wa 3, porojo tupu yule.

Kichwa Ngumu: Porojo? We umesoma nini cha Freud? Upande wa majarida peke yake ndo anaongoza, kawapita wote. Sasa watu wote hao wananukuu porojo?

Mdadisi: Si ndo hoja yangu! Wengi wanamtaja ili wampinge na bado inahesabiwa. Kutajwa sio kusifiwa.

Tumaini: Jamani tumuacheni Freud. Uprofesa unaouliza siku hizi wanatumia kile kipimo kinaitwa h, cha Hirsch cha 2005, ukiwa na makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja basi h yako ni 20, kijana aliyeandika makala tatu za maana haendi popote. Na kwenye hiyo orodha mwanamke wa kwanza kutokea ni Loftus, wa 58!!

Kichwa Ngumu: Hatumuachi, mtu katukanwa hapa. Njia za akili kujikinga na maumivu, kama kukana ukweli au kumbambikia mwenzako hisia zako, haya mnayoyasema kila siku mmeyatoa wapi kama sio kwake?

Tumaini: Aliyeyapanga vizuri hayo ni bintiye, Anna, kwenye kitabu cha 1936. Kwenye orodha yuko wa 99. Baba wa 3, binti wa 99, na aliyeyapanga maneno tunayoyatumia ni binti. Inaniuma sana hii.

Mpita Njia: Mnagombea baba na binti wakati Eysenck yuko wa 13! 2019 King's College London walichunguza wakasema makala 26 alizoandika na mwenzake, zile za tabia na magonjwa kama saratani, sio za kuaminika. Miaka yote hiyo zilikuwa zinanukuliwa tu.

Kichwa Ngumu: Eysenck yule yule aliyempiga vita Freud maisha yake yote, tangu makala yake ya 1952 kwamba hakuna ushahidi tiba ya mazungumzo inasaidia! Huyo ndo mlikuwa mnamuamini, halafu mporojo ni Freud?