Presio kritiki: van der Waals, Redlich-Kwong ao Peng-Robinson?

Himbi_fizikia: Jambo wakubwa. Naandaa zoezi juu ya gesi za Ziwa Kivu, CO2 na metani. Kutafuta presio kritiki (presio ya nukta kritiki, ambapo kimiminika na gesi havitofautiki tena), nishike mlinganyo gani kati ya hiyo mitatu, inayounganisha presio P, ujazo V wa mole moja na joto T?

Katindo_T: Kwa kalamu na karatasi, van der Waals (1873). Kwenye nukta kritiki, derivativu ya kwanza na ya pili ya P kwa V zote ni sifuri, T ikiwa imeshikwa pale pale. Ukitatua (a ni ya mvutano wa molekuli, b ni ya nafasi zinayochukua, R ni konstanti ya gesi): V = 3b, T = 8a/(27Rb), P = a/(27b²). Kwa CO2, a = 3,640 L²·bar/mol² na b = 0,04267 L/mol. 27b² ni 0,04916, basi P = 74,0 bar. Iliyopimwa ni 73,8.

Mama_Kemia: Hiyo 74,0 isiwadanganye. a na b za kwenye jedwali zimetolewa kwenye T na P kritiki zenyewe, kwa hiyo unarudishiwa ulichoweka. Kwa njia hiyo mlinganyo wowote utafaulu! Pima hivi: chukua T = 304,13 K na V = 94 cm³/mol zilizopimwa, halafu P = Z·RT/V, kila mlinganyo na Z yake (Z ni PV/RT kwenye nukta kritiki). RT/V ni 269 bar.

van der Waals, Z 0,375: bar 101
Redlich-Kwong (1949), Z 0,333: bar 90
Peng-Robinson (1976), Z 0,307: bar 83

Z halisi ya CO2 ni 0,274. Hata Peng-Robinson inazidisha kama 12 kwa mia, ila van der Waals inafika 37.

Birere88: Muangalie vizio pia. Jedwali nyingine zinatoa a kwa atm, 3,592. Mwanafunzi akiichanganya na R = 0,08314 ya bar, T inatoka 300 K badala ya 304. Ukiona 300 kwenye kopi, kosa ni hilo.

Himbi_fizikia: Aksanti. Na mchanganyiko nusu kwa nusu? Wastani wa 73,8 ya CO2 na 46,0 ya metani unanipa 59,9 bar.

Mama_Kemia: Hapana. Wastani huo, kanuni ya Kay, ni wa kusomea chati za Z tu. Presio kritiki halisi ya mchanganyiko huo inapanda kupita ya CO2 peke yake. Tena sharti la derivativu kwa V halitoshi hapo, lazima na kiasi cha kila gesi kiingie kwenye hesabu. Tumia Peng-Robinson, kij (kirekebisho cha mvutano kati ya gesi hizo mbili) karibu 0,1, na uiachie kompyuta.