Wachoraji wa Derby walichoraje mandhari kwenye kikombe kidogo vile?

mpenda_vyombo
Wakuu habari zenu, wanaojua kaure za zamani naomba msaada. Nimeona kikombe cha Derby, kile kiwanda cha kaure cha Uingereza, cha miaka ya 1780 hivi, ubavuni kuna mto, majabali na miti, afu kwenye kitako wameandika jina la sehemu kwa mkono. Hivi ni sehemu za kweli au mchoraji alikuwa anabuni tu? Na rangi zinapitaje motoni bila kuchuruzika?

fundi_tanuri
Za kweli mkuu, nyingi ni za hukohuko Derbyshire, Matlock, Dovedale na kandokando ya mto Derwent. Kwa miaka hiyo jina la kwanza linalotajwa ni Zachariah Boreman, alitoka kiwanda cha Chelsea akahamia Derby 1783, mwaka 1794 akarudi London. Ila usikimbilie kusema ni yeye, wengi hawakuwa wanasaini.
Rangi zenyewe ni oksidi za metali zimesagwa na unga wa kioo zikachanganywa na mafuta ya tapentaini, unachora juu ya chombo ambacho gilezi yake, yaani ule utando wa juu unaong'aa kama kioo, ishachomwa tayari, kinarudi kwenye tanuri dogo moto wa chini zaidi, ule unga unayeyuka kiasi cha kushika tu. Kazi ipo kwenye kujua rangi itatokaje, mfano ile ya waridi inatengenezwa kwa dhahabu na kabla ya moto imefifia kabisa, kwahiyo mtu anachora kitu ambacho bado hakioni.

bintiwapwani
Naongezea hapo kwa Boreman, huyu nampenda sana jamani. Alikuwa anaanza kuweka vivuli kwa kijivu, rangi nyepesi zinakuja juu baadaye, kama walivyofanya wachoraji wa rangi za maji Uingereza enzi hizo, ndo maana vilima vya mbali vinaonekana vina ukungu. Na kaure ya Derby ilikuwa laini, rangi inazama kidogo kwenye gilezi, haikai juu juu kama kwenye ile ngumu ya Meissen kule Ujerumani. Kabla ya hapo Worcester, kiwanda kingine cha Uingereza, walikuwa wanachora magofu mengi ya kubuni, kwahiyo kuchora bonde ambalo mtu anaweza kwenda kulitazama ilikuwa hatua kubwa.

mpenda_vyombo
Asanteni sana. Kitako kina taji, fimbo mbili zimepishana na herufi D, vyote zambarau.

fundi_tanuri
Basi inaendana, hiyo ndo alama yao ya kipindi hicho. Namba ikiwepo hapo chini ni ya muundo wa pambo, sio mwaka.