Tupeane uzoefu: banda la uani limejaa zana hadi mlango haufunguki, nyinyi mnahifadhi vipi?

KijanaFuoni

Assalaam alaykum wajameni. Niko Fuoni, Unguja, nyumba yetu ina banda la gari ubavuni, ila gari halijawahi kulala humo hata usiku mmoja. Humo mna Vespa ya marehemu baba, baiskeli mbili, mabaki ya rangi, mabomba ya plastiki, grenda, drili, na spana zisizo na idadi ambazo ukizihitaji hazipo. Spana ya 13 pekee nimeinunua mara tatu. Juzi nimetafuta bisibisi ya nyota nusu saa nzima, mwisho nikatumia ncha ya kisu cha jikoni. Mke wangu hajanisamehe mpaka leo.

Nimeona sanduku la chuma la droo saba lenye magurudumu, linanivutia. Ndugu yangu anasema nichomeleshe rafu za anglo, vile vyuma vya pembe, na jirani anasema nipige ubao wa matundu ukutani na vyango vyake. Pesa haitoshi vyote. Nadharia zimenijaa, nipeni yaliyowakuta wenyewe.

VespaNyekundu

Waalaykum salaam. Sanduku kama hilo ninalo, nilinunua kwenye mali ya mtumba kutoka Ulaya. Zuri wallahi, droo zinateleza kama zimepakwa sabuni. Kosa nililifanya mimi. Naishi Mazizini, upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Nikachukua sponji la godoro, nikalikata umbo la kila spana, nikazilaza kwa namba, nikapiga picha nikawatumia watu.

Masika yakaja yakapita. Mwezi wa sita nafungua droo ya pili, inagoma. Nikaweka mguu kwenye sanduku nikavuta. Sponji limeshika maji kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Spana kwa juu zinang'aa vilevile, nikizigeuza chini zimevaa ganda la kahawia, na kwenye sponji kumebaki chapa ya kila moja kwa rangi ya kutu, hata namba zinasomeka kinyumenyume. Nilikaa chini.

Fundi mmoja wa mashine za boti ndiye aliyenifahamisha. Mchana bati linapata moto, hewa yenye mvuke inajaa ndani. Alfajiri bati linapoa, ule mvuke unatoka jasho juu ya chuma chochote kilicho baridi. Ongeza chumvi ya hewa yetu na sponji la kuweka maji, kutu haina haja ya kubisha hodi. Sasa sponji nimelitupa, droo nimezitandika wavu mgumu wa plastiki ili hewa ipite chini ya zana. Kila droo nimetia vile vipakti vya chembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mbali na mikono ya watoto. Na mwisho wa mwezi kitambaa chenye mafuta ya cherehani kinapita juu ya kila kitu, dakika kumi tu. Mafuta ya nazi nilijaribu, usifanye. Yanaganda, yananata, yanakusanya vumbi, na sisimizi wakawa wageni wa kudumu.

KijanaFuoni

Hiyo ya spana kuandika namba zake kwenye godoro imeniumiza yakhe.

MpembaWete

Mwenzenu wa Pemba yake ni makubwa zaidi, yeye kutu hakuiona hata, maana kabati lenyewe liliondoka kabla.

Nilikuwa na kabati la nguo la chipbodi, milango imelegea, nikaona badala ya kulitupa nilitie stoo liwe la zana. Nikalisukuma likabana ukutani, chini sakafu ya saruji isiyo na marumaru. Mvua za kwanza, miguu ikavimba kama andazi. Hilo nililivumilia. Kilichonishinda ni mchwa. Walitokea kwenye ufa wa sakafu, wakapanda kwa nyuma, pale nisipoona kwa kuwa kabati limegusa ukuta. Siku nataka jembe la kwenda shamba nikashika mpini, ukabaki ganda mkononi, ndani udongo mtupu. Wamekula mipini ya majembe mawili, shoka, na nyuma yote ya kabati. Misumari ilibaki imening'inia kwenye udongo wao.

Siku hizi nina rafu ya anglo, imepigwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu. Rafu haigusi ukuta, nimeacha upana wa kiganja. Mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo, na mimi nitaiona. Mbao za kukalia vitu ni mabaki ya mvule wa dirisha kuukuu. Chipbodi kwenye visiwa hivi ni kununua uji kabla haujaiva.

MamaUani

Nyinyi wanaume mnazungumzia sanduku kabla hamjazungumzia kilichomo. Mimi mume wangu alikuwa baharia, akiondoka miezi bomba likipasuka lilikuwa langu mimi, kwa hiyo stoo nimeipanga nilivyotaka.

Sikununua chochote. Nilichukua ndoo za rangi za lita 20 kwa mafundi waliokuwa wakipaka msikiti, nikazisugua. Kila kazi na ndoo yake. Ndoo ya maji ina spana ya mabomba, tepu nyeupe, msumeno wa chuma, gundi ya mabomba na viungo vya nusu inchi na robo tatu. Ndoo ya umeme ina testa, koleo, tepu nyeusi. Ndoo ya baiskeli na Vespa. Bomba likilia saa nne ya usiku nashika mkono wa ndoo natoka, sitafuti kitu. Ndiyo, maana yake nina koleo mbili na bisibisi tatu, kila ndoo na yake. Afadhali koleo ya pili kuliko kisu changu cha jikoni kupinda ncha, Bwana Fuoni.

Skurubu na misumari zimo kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga nione kilichomo. Makopo ya maziwa ya unga ni mazuri lakini utayafungua yote saba kutafuta skurubu moja.

Baharia_Mstaafu

Mama Uani umesahau kusimulia la kasha.

MamaUani

Haya, mume wangu mwenyewe kaingia. Nitalisema. Huyu bwana alichukua kasha la bibi yake, la msaji, la misumari ya shaba, lile lenye droo tatu chini, akalijaza spana na grisi. Anasema "ni sanduku la droo, lina tofauti gani?" Mama mkwe alipofungua kutafuta kanga zake za zamani akakuta kabureta. Sisemi zaidi. Harufu ya udi imetoka, ya petroli haijatoka.

Baharia_Mstaafu

Droo zake zilikuwa hazipati kutu hata kidogo. Msaji una mafuta yake wenyewe. Nasema tu.

Darini_Shangani

Nyie wa ubao wa matundu, uliza kwanza ukuta wako wa nini. Mimi nyumba yangu ni ya Mji Mkongwe, mawe ya matumbawe na chokaa. Nikanunua ubao mzuri na vyango, nikatoboa, nikatia plagi za plastiki, nikakaza. Siku ya tatu usiku tukasikia kishindo, watoto wakadhani dari limeanguka. Ubao mzima chini, nyundo, jiriwa na drili juu yake, na ukutani mashimo manne yanayomwaga unga mweupe kama mchele uliotobolewa gunia. Chokaa ya miaka mia haishiki skurubu ya leo.

Nilichofanya, nimesimamisha boriti mbili za mkoko kutoka nyumba iliyobomolewa, zinabana sakafu na dari, ubao nikaufunga kwenye boriti. Ukuta haujui kama kuna zana. Kwa nyumba za bloku za Fuoni hutapata tabu hii, ila angalia bloku zilizo na tundu katikati, plagi fupi itakuwa inacheza hewani.

SeremalaMkongwe

Nimesoma kimya. Wacha niseme langu.

Karakana yangu zamani ilikuwa ya umeme kila kitu. Randa ya umeme, msumeno wa umeme, drili. Zana za mkono alizoniachia mwalimu wangu nilizitia kwenye gunia, gunia chini ya meza, juu ya gunia vipande vya mbao. Wenye umri wanakumbuka, Unguja ilikatika umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Miezi mitatu kisiwa kizima giza. Jenereta za jirani zikila mafuta kuliko faida. Nina milango minne ya mtu na arusi yake ina tarehe.

Nikalifungua gunia. Randa kuu, ulimi umeshikana na mwili kwa kutu, nilipiga nyundo nusu siku kuutoa. Patasi sita, mbili tu zilipona, zile zilizokuwa zimeviringwa kitambaa chenye oili. Moja niliyoiweka kwenye ala yake ya ngozi, nikijua ndiyo niliyoitunza zaidi, ndiyo iliyoliwa vibaya kuliko zote. Ngozi inanyonya unyevu inaulaza na chuma. Msumeno wa mkono niliuokoa kwa msasa na mafuta ya taa, wiki nzima. Milango ilitoka, nilichelewa siku nne, na bwana arusi alihamia nyumba yenye pazia mlangoni.

Tangu hapo kila zana ya mkono inaning'inia wazi ukutani, makali yameangalia chini, na nimechora kivuli chake kwa kalamu nyuma yake. Jioni nikifunga natazama ukuta. Kivuli kisicho na mwenyewe nauliza vijana kabla hawajatoka mlangoni. Chombo kilichofichwa utakisahau, na ukikisahau hukipaki mafuta. Hilo sanduku la droo saba zinang'aa nitampa mtu mwenye zana za kupima na vitu vidogo vidogo, siyo mtu mwenye Vespa ya baba na spana za kila siku.

Keekee_Nungwi

Babu yangu alikuwa akijenga majahazi ufukweni. Zana zake zote zilikuwa ndani ya mkoba mmoja wa ukindu: tezo, keekee na ncha zake, msumeno, patasi mbili, nyundo, na patasi butu ya kukalafatia. Jioni anazipangusa, anazichukua mkobani, anarudi nazo nyumbani, asubuhi anarudi nazo. Mkoba unapitisha hewa na yeye alizigusa kila siku. Sijawahi kuona kutu kwenye tezo ya babu.

Mimi nina makontena mawili ya plastiki yenye mifuniko, rafu, na sanduku, na leo nimeazima nyundo kwa jirani.

KijanaFuoni

Jamani ahsanteni. Kabla sijanunua chochote nimefanya kama Mama Uani alivyosema, nimeanza na kilichomo. Leo asubuhi kaskazi imepuliza kavu, nimetandika jamvi uani, nimemwaga kila kitu kilichokuwamo bandani. Watoto wamenisaidia kwa malipo ya ubuyu.

Matokeo: spana za 13 zipo nne, siyo tatu. Spana ya 10 hakuna hata moja. Bisibisi za nyota saba. Testa tano, mbili zinawaka. Mafuta ya breki ya gari ambalo baba aliliuza mimi niko skuli. Galoni la petroli lililokuwa karibu na mlango wa jikoni, hilo limehamia nje leo leo, na mke wangu amelitazama akanitazama mimi, hakusema kitu. Theluthi nzima ya jamvi ni vitu vya kutupa.

Kwa kilichobaki naona anglo na ubao wa vivuli vinatosha, ukuta wangu ni bloku. Sanduku nitalifikiria nikiwa na zana za kulistahili. Ila kuna jiriwa moja ya chuma, nzito, ya kijani, imepigwa chapa ya nyota kwa patasi kwenye mkono. Siyo ya baba. Simkumbuki nani alituazima.

JiraniWako_Fuoni

Hiyo jiriwa ni yangu. Niliiazimisha kabla hujaoa. Nakuja baada ya laasiri, na spana moja ya 13 nitaondoka nayo.