MREJESHO: Lifti iliyokuwa inanguruma na kutambaa, imepona

Wakuu narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona, ni lifti ya ghorofa 8 hapa Kariakoo, tulibadilisha enkoda ya mota (kifaa kinachosoma spidi na upande mota inakozungukia), baada ya hapo ukiita inanguruma, inatambaa kidogo, ampea zinapanda, draivu (kifaa kinachoendesha mota) inakata na kuandika kosa la spidi.

Aliyesema nijaribu bila enkoda kwanza Mungu akubariki sana. Niliweka draivu kwenye V/F (inaendesha mota bila kusoma enkoda), lifti ikiwa kwenye inspeksheni (mwendo wa taratibu wa fundi), mota ikazunguka laini kabisa, kumbe mota nzima. Nikaangalia skrini, nimeamuru kwenda mbele lakini enkoda inasoma hasi! Waya za A na B (ishara mbili za enkoda zinazoonyesha upande wa mzunguko) zilipishana. Nikazima umeme, nikasubiri kapasita zimalize chaji, nikapishanisha jozi ya A na A- na jozi ya B na B-, nikarudisha klozdi lupu (draivu inafuata enkoda), ikaondoka vizuri.

Ila siku ya pili ikaanza tena kukata, mara moja moja tu, na hapa ndo niliteseka kweli. Paramita ya palsi (idadi ya palsi za enkoda kwa mzunguko mmoja) kwenye draivu ilikuwa sawa, 1024 kama kibandiko cha enkoda. Mwisho nikachora mstari wa penseli kuanzia shafti mpaka kwenye kapling (kiungio cha enkoda na shafti ya mota), baada ya safari kama kumi mstari umeachana karibu milimita mbili, skrubu ya kapling ilikuwa haijakazwa vizuri. Nimeikaza, na kebo ya enkoda nimeitenga na ya mota maana zilikuwa kwenye trankini (mfereji wa kebo) moja.

Leo wiki ya pili haijakata. Asanteni sana wakuu.