Elfu tano ya bando, mbele ya kamati nzima! Huyu mtu wa "kubonyeza tu" mnamjua, naombeni tumjadili

Mchora_Mbuyu (mleta uzi):

Wakuu, salamu baadaye. Naandika kwa kidole kimoja, vingine vinatetemeka.

Kuna mtu kanipa elfu tano. Mbele ya kamati nzima. "Dogo, chukua hii ya bando." Kazi ya mkutano mkuu wa miaka 20 ya chama chao cha akiba na mikopo, kuanzia nembo mpaka kofia, halafu BANDO.

Jina simtaji, hakuna haja. Kama umewahi kushika mausi Dar es Salaam hii unamjua. Yule wa miwani ya kuning'inia kifuani, haijawahi kufika machoni tangu inunuliwe. Ana simu tatu na zote zinaita kwenye kikao. Kila sentensi inaanza na "mimi siyo mtaalamu, ila..." Ndiyo huyohuyo. Wa Kariakoo mnamjua, wa Mwenge mnamjua, na nasikia hata Morogoro kashapita kafanya yake.

Maelezo ya kazi alinipa kwa sauti za WhatsApp, nyingine ndani yake anapatana bei na muuza samaki. "Nataka kitu cha kisasa ila kiwe na asili yetu. Kiwe kimetulia ila mtu akione toka barabarani. Weka mwenge, twiga, mlima Kilimanjaro, mikono inashikana, mbuyu, watoto wanasoma, sarafu zinapanda, na dunia. Ila isijae." ISIJAE.

Nikasema mteja anasikilizwa. Nikakaa chini nikapanga. Nikamuuliza hii nembo itakaa wapi? Akasema kila mahali: fleksi ya mita 6 kwa 3 getini, mabango ya kusimama ukumbini, kijitabu cha taarifa ya mwaka, fulana, kofia za kudarizi, vikombe, na muhuri wa mhasibu. Anayeijua kazi ameshaona msiba ulipo. Twiga anayependeza kwenye mita 6, akifika kwenye kofia ile sindano ya kudarizi inamgeuza mbuzi. Akifika kwenye muhuri, wino rangi moja, anakuwa doa. Kwa hiyo nikatupa zoo yote nikachora alama moja: mikono miwili inayoshikana mpaka inakuwa shina la mbuyu, vidole ndiyo matawi. Mistari minene. Nimeichora kwa vekta, uivute hadi ukubwa wa ghorofa haipasuki. Na toleo la rangi moja nikatoa kabisa kwa ajili ya muhuri. Vidole ndiyo matawi, wakuu! Saa nane usiku nilijipigia makofi mwenyewe, jirani akagonga ukuta.

Elfu tano.

Njooni kwenye rangi. Kijani na njano: mjumbe mmoja akasema hiyo Yanga, mwingine akasema hapana, hiyo CCM, chama chetu hakina itikadi. Nyekundu na nyeupe: Simba. Bluu ukiichanganya na nyekundu: CHADEMA. Zambarau: ACT. Hapo kwenye zambarau yeye mwenyewe ndiye aliyesimama, "zambarau haiwezekani kabisa, kijana, tutaeleweka vibaya." Kumbukeni hiyo zambarau. Nikabaki na kahawia na kijivu. Kahawia wakasema tope. Baada ya malumbano ya kutosha kuandika katiba mpya ikapita bluu ya bahari na rangi ya mchanga, halafu akataka hiyo bluu "iwake kama inavyowaka kwenye simu yangu". Nikamwambia mzee, simu inatoa mwanga, ni RGB. Mashine inapaka wino kwenye karatasi, ni CMYK. Bluu inayowaka hivyo haipo kwenye wino wa kawaida, hata ukimleta fundi toka Ujerumani. Jibu lake: "We bonyeza tu iwake."

Kijitabu kina kurasa 24, cha kupiga pini katikati. Usiku wa kuamkia kuchapa analeta salamu za mlezi, ukurasa mmoja. Namwambia karatasi ikikunjwa inazaa kurasa 4, kwa hiyo ni 24 au 28, 25 haipo. Akafikiri. Akasema, "Sasa hizo tatu nani kaziomba? Weka hiyo moja tu."

Picha za bodi naomba nizipite. Zimekuja kwa WhatsApp, zimebanwa, mwenyekiti kabaki vigae.

Basi kikao cha mwisho. Projekta inawaka, mbuyu uko ukutani, mama mmoja wa kamati kasema "eeh, hii nzuri". Naapa alisema. Huyu bwana akajiegemeza, akasema: "Ni nzuri, ila tusidanganyane, kazi hii ni kubonyeza tu. Kompyuta ndiyo imechora." Wakacheka. Akaingiza mkono mfukoni. Mimi moyoni nasema hundi hiyo inakuja. Katoa noti ya faru. "Dogo, chukua hii ya bando. Ankara yako tutaipitia."

Noti ya elfu tano ina rangi gani, wakuu? ZAMBARAU!

Mbele ya kamati. Yule mama wa "hii nzuri" akainamia sambusa yake. Mhudumu wa chai alinitazama kwa huruma mpaka akanimwagia. Kompyuta ndiyo imechora! Si angeipa kompyuta hiyo noti?

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. Elfu tano!

---

Koleo Butu:
Nimeweka kambi. Uzi bila picha ni chai. Weka huo mbuyu tuuone.

Mchora_Mbuyu:
Niuweke hapa waukate bure? Bado hajalipa.

Nyangumi wa Kigamboni:
Swali dogo tu, mkuu. Hiyo elfu tano uliichukua au hukuichukua?

Binti Tandika:
Huyu namjua!! Mimi alinitaka kadi za mwaliko "za bei ya kawaida ila zinukie". Zinukie nini, hakusema. Pole, kaka.

Stempu na Wino:
Mimi ni wa upande wa mashine, nachapa. Naomba niseme ukweli, na nyie ma-dizaina mna yenu. Unaletewa faili, hamna hata milimita 3 za ziada pembeni za kukata. Kisu kikipita, namba ya simu ya mteja imebaki na tarakimu nane. Fonti hamjazigeuza kuwa mistari, nikifungua kwangu zimekuwa miraba na mikia. Halafu mteja anakuja kunifokea MIMI. Picha ya fleksi mita 6 mtu kaitoa Facebook. Juzi kuna mmoja kaniletea kazi iko kwenye Word. Nembo, ndani ya Word.

Mchora_Mbuyu:
@Stempu na Wino mimi siyo hao. Mimi nilikabidhi PDF iliyotulia, bledi, hizo milimita 3 za kukata, ipo, fonti zimegeuzwa kuwa mistari. Mada ni elfu tano.

Nyangumi wa Kigamboni:
Uliichukua au hukuichukua?

Mzee wa Hoja:
Mleta uzi, punguza jazba. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Nenda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, na michoro yako ya awali, na maandishi yote mliyotumiana. Mlisaini makubaliano?

Mchora_Mbuyu:
Tulikubaliana kwa sauti.

Mzee wa Hoja:
Zile zenye muuza samaki?

Koleo Butu:
Hahahahaa ushahidi namba moja, changu na tasi.

Dada Kotesheni:
Advansi ulipokea asilimia ngapi?

Mchora_Mbuyu:
Hilo siyo mada ya uzi huu.

Dada Kotesheni:
Jibu nimelipata, asante. Mimi bila nusu mkononi hata kompyuta siwashi. Na marekebisho ni mara mbili, ya tatu unalipia, imeandikwa kwa wino mwekundu juu ya kotesheni. Wananiita mchoyo. Mchoyo analipwa.

Nyangumi wa Kigamboni:
Kwa heshima na taadhima, uliichukua au hukuichukua?

Mchora_Mbuyu:
NILIICHUKUA. Nilikuja na bodaboda, ulitaka nirudi na nini? Na bando niliunga. Ndiyo hilo ninaloandikia hapa. Umefurahi?

Nyangumi wa Kigamboni:
Sana.

Kipanga Mweupe:
Mimi nasimama na mteja. Nyie mnalia tu. Mwaka jana nimempa dizaina kalenda ya duka langu, kanipigia stori za gridi na nafasi ya kupumua, kalenda imetoka Februari ina siku 30. Nimechapa 500. Wateja wananiambia watalipa deni tarehe 30 Februari, wanasema kalenda yako inaonyesha.

Binti Tandika:
😂😂😂 wakalipa?

Kipanga Mweupe:
Ulishaiona tarehe 30 Februari ikifika?

Jangwani Forever:
Mimi nimesoma mpaka pale kijani na njano nikasimama. Nani alisema iondolewe? Huyo mjumbe aliyesema "hiyo Yanga" ana tatizo gani na mabingwa? Kijani na njano ndiyo rangi za nchi, ziko kwenye bendera.

Mnyama Halisi:
Bendera ina bluu pia, mbona hamuivai? Kamati ilifanya la maana. Ila kukataa nyekundu hapo wamekosea, nyekundu inaonekana toka mbali, hata mteja alitaka ionekane toka barabarani.

Jangwani Forever:
Hata taa ya kusimamisha magari ni nyekundu. Mnajua kusimama tu. Sisi tupo tangu 1935, nyie 1936, mdogo anyamaze mkubwa akiongea.

Mnyama Halisi:
Mwaka mmoja ndiyo unaniitia ukubwa? Wewe ni wale wanaomwamsha pacha awasalimie.

Mchora_Mbuyu:
Wakuu, naomba turudi. Alisema "kompyuta ndiyo imechora". Kwenye projekta. Watu wanatafuna sambusa.

Jangwani Forever:
Zilikuwa za nyama?

Fundi Msumari:
Kijana, hiyo ya kubonyeza mbona ndogo. Mimi natengeneza makabati. Mteja kanionyesha picha ya jiko la Dubai, anataka hivyohivyo, kwake ni chumba na sebule, Mbagala. Nimepima, nimechora, nimekata mbao. Siku ya kufunga ananiambia, "Kumbe ni mbao na misumari tu? Ningefanya mwenyewe." Nimefungua kabati lote nikamwachia mbao na misumari, afanye mwenyewe.

Dada Kotesheni:
Huyu apewe ulinzi.

Koleo Butu:
Mleta uzi, umeona? Ungeufungua mbuyu ukamwachia vidole.

MamaVitenge:
Jamani nyie mnalilia wateja, mimi mteja nalilia fundi. Kuna fundi cherehani, simtaji, mnamjua, yule wa "njoo Ijumaa". Nimempelekea kitenge changu tangu kabla ya Ramadhani. Suti ya mikono ya puto. Kila Ijumaa nikienda anapima upya! Kwani mimi nanenepa kila wiki?

Binti Tandika:
Wa Tabata? Ana kijana anajifanya hakujui ukifika?

MamaVitenge:
Huyohuyo!! "Fundi katoka sasa hivi tu, mama." Cherehani bado inazunguka!

Fundi Msumari:
Mafundi cherehani ndiyo wanatuharibia jina sisi wengine.

Stempu na Wino:
Wewe uliyemwachia mtu misumari sebuleni ndiyo unasema hivyo?

Mchora_Mbuyu:
Sasa hivi kanitumia ujumbe, jamani. Anauliza kama naweza kumtumia "ile kompyuta ilichochora" kwa WhatsApp ili mpwa wake aongeze twiga. AONGEZE TWIGA!

Binti Tandika:
@MamaVitenge kitenge chako cha rangi gani?

MamaVitenge:
Bluu iliyokoza, maua makubwa ya njano, pembeni kuna tausi. Kimetoka Kongo, nililetewa na dada yangu, hapa Kariakoo hukipati.

Binti Tandika:
Mikono ya puto ulisema? Na mgongoni kuna kamba ya kufunga?

MamaVitenge:
Ndiyo. Kwa nini?

Binti Tandika:
Mama, sitaki kuvunja nyumba ya mtu. Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu Kinyerezi. Kuna dada alikuwa anagawa keki meza ya wakwe.

Koleo Butu:
Oyoooo.

Jangwani Forever:
Njano hiyo lazima ilipendeza.

MamaVitenge:
Una picha?

Binti Tandika:
Ninayo video. Anacheza.

MamaVitenge:
Nitumie PM sasa hivi. Na kesho ni Ijumaa.