Kujitolea kwenye uchimbaji wa akiolojia nje ya nchi: nijue nini kabla sijalipa?

Kigae
Wakuu, nataka kujitolea msimu mmoja kwenye uchimbaji wa akiolojia nje. Sijasomea fani hii. Matangazo mengi yanadai ada, mengine hayasemi viza ipi inatakiwa. Nahofia mambo matatu: kutapeliwa, kurudishwa mpakani, na kuharibu ushahidi maana sijawahi kushika mwiko wa kuchimbia. Wenye kuijua kazi, nipeni mwanga.

Tabaka3
Ada peke yake si dalili ya utapeli. Fedha za utafiti hulipia utafiti. Chakula, kitanda na mtu wa kukufundisha vinatoka kwenye ada yako. Dalili ni kukosa kibali. Uliza mkurugenzi wa uchimbaji ni nani, yuko chini ya chuo gani, mamlaka gani imetoa kibali cha msimu huu, na ripoti za misimu iliyopita ziko wapi. Akizungukazunguka, achana naye.

Pa kuanzia ni AFOB, orodha ya nafasi za uchimbaji inayotolewa na Archaeological Institute of America. Ukitaka mahali pasipodai uzoefu, tazama Vindolanda, ngome ya Kirumi karibu na ukuta wa Hadrian, Uingereza. Nafasi huisha haraka, na uliza mapema kuhusu malazi.

Viza ndiyo hukwamisha wengi, kwa kuwa "silipwi" haimaanishi "sifanyi kazi". Uingereza humruhusu mgeni wa kawaida kujitolea kwa shirika la hisani lililosajiliwa, jumla isizidi siku 30, na kujitolea kusiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Soma hilo mara mbili kabla ya kukata tiketi. Uturuki ina viza yake kabisa ya uchimbaji wa akiolojia. Popote uendako, mwombe mkurugenzi barua ya mwaliko, na umuulize kama jina lako linapaswa kuwasilishwa pamoja na maombi ya kibali. Likipaswa, kuchelewa kujiandikisha ni kukosa msimu.

MwikoMkali
Mwiko kwanza. Nunua wa inchi 4 au 5, ubapa na shina vikiwa chuma kimoja. Ule wa kupigwa ripiti hukatika shingo ukigusa udongo mgumu. WHS na Marshalltown ndiyo majina utakayoyasikia kila shimo. Beba na tupa ya kunolea: makali butu husugua udongo na kuupaka, mpaka wa rangi kati ya tabaka na tabaka unapotea machoni.

Usichimbe kwa ncha. Laza ubapa, vuta ukingo kuelekea kwako, huku ukirudi nyuma ili usipige magoti juu ya ulichokwisha kusafisha. Udongo ukikauka ukawa rangi moja, unyunyizie maji kidogo, mipaka itajitokeza.

Kosa kubwa la mgeni ni kung'oa kitu kinachochungulia. Kiache. Shusha udongo unaokizunguka mpaka kikae wazi, kipimwe, kipigwe picha, ndipo kitoke. Kosa la pili ni kupitiliza tabaka. Kilichoingia mwisho hutolewa kwanza: shimo la taka lililokata sakafu humalizwa kabla ya sakafu yenyewe. Tabaka hupewa umri kwa kitu kipya kuliko vyote ndani yake, kwa hiyo sarafu moja iliyodondoka kutoka juu inatosha kuwapotosha wote. Ukiona udongo umebadilika rangi au ugumu, simama umwite msimamizi. Hakuna atakayekucheka, wanaochekwa ni wasioita.

Chekeche
Naongezea upande wa mifuko ya kuwekea vilivyopatikana, kwa sababu kigae (kipande cha chungu) kisicho na lebo ni takataka tu. Lebo mbili, moja ndani na moja nje, kwa wino usiofutika: alama ya eneo, mwaka, namba ya tabaka, tarehe, herufi za jina lako. Andika kabla mfuko haujajaa.

Mkaa wa kupimwa umri kwa kaboni 14 usiushike kwa mkono mtupu. Uchukue kwa ncha ya mwiko safi, ufunge kwa karatasi ya alumini. Pamba na karatasi ya kawaida zina kaboni yake.

Kigae
Asanteni sana. Na kuosha vigae? Naona wageni hupangiwa huko mchana.

Chekeche
Uliza kwanza kipi hakioshwi: chuma, shaba, udongo usiochomwa, na vyungu vitakavyopimwa mabaki ya chakula. Vinavyooshwa, tumia brashi laini na ukazanie kingo zilizovunjika, maana ndizo zitakazounganishwa. Uso wenye rangi uguse kwa upole. Sinia moja, namba moja ya tabaka, lebo ikae humo humo. Anika kivulini. Ukifunga vikiwa na unyevu, mfuko unaota ukungu.

Tabaka3
Picha za vitu usirushe mtandaoni bila ruhusa ya mkurugenzi. Na ukikunja virago, kagua mifuko ya suruali: kigae kimoja kilichosahaulika, forodhani kinaitwa magendo.