Laptopu ya HP yenye Ubuntu, nikirestati tu waifai inapotea

kisima_kirefu:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Nina laptopu ya HP ya mtumba, ina mfumo wa Ubuntu 22.04 (siyo Windows) na waifai ilikuwa inapiga kazi vizuri tu, juzi ikaniletea apdeti nikakubali, ilipomaliza ikataka nirestati, nikarestati, na tangu hapo waifai hamna, yani siyo kwamba inagoma kuunganisha, hata ile alama ya juu kulia haipo na nikiingia Settings inaandika "No Wi-Fi Adapter Found". Nimezima nimewasha wapi. Simu inashika waifai hiyo hiyo bila shida kwa hiyo ruta ni nzima. Fundi mmoja mtaani kaniambia kadi imeungua ninunue nyingine, sasa kabla sijatoa hela nisaidieni, humu kuna kazi za watu.

tai_wa_bonde:
Pole mkuu. Anza na kile kitufe chenye alama ya ndege, HP nyingi kipo F12, taa yake ikiwa rangi ya chungwa ujue waifai imezimwa. Pia fungua terminali (lile dirisha la kuandikia amri) uandike rfkill list uone kama kuna palipoandikwa blocked: yes.

mama_seva:
Usinunue kadi bado! Kadi iliyoungua haisubiri apdeti ndo ife. Fanya hivi, washa laptopu huku unagusagusa Esc (kwenye zile za zamani unashikilia Shift) mpaka itokee menyu ya GRUB (ile ya kuchagua laptopu iwake na nini), ingia "Advanced options for Ubuntu", utaona kerneli (kiini cha mfumo) zaidi ya moja, chagua ile ya zamani. Waifai ikirudi hapo basi kadi ni nzima, tatizo ni draiva, yani programu inayoiendesha kadi. Halafu tuwekee hapa majibu ya amri hizi mbili, ya kwanza inataja kadi, ya pili inaonyesha draiva imejengwa kwa kerneli ipi:

lspci -nnk | grep -iA3 network
dkms status

kisima_kirefu:
Dada yangu Mungu akubariki, kwa kerneli ya zamani waifai IMERUDI!! Taa ya F12 nayo ilikuwa sawa. Majibu haya hapa, ya kwanza inasema Broadcom BCM43142 [14e4:4365], ya pili inasema bcmwl 6.30.223.271+bdcom, 6.8.0-40-generic, x86_64: installed. Ni mstari huo tu.

mama_seva:
Jibu liko kwenye mstari huo huo. Draiva yako imejengwa kwa 6.8.0-40 peke yake, na ile apdeti ilikuletea kerneli mpya. Hii Broadcom draiva yake inaitwa wl, haimo ndani ya kerneli kama za Intel, kwa hiyo kila kerneli mpya ikija lazima ijengwe upya, na anayeijenga ni DKMS (programu ya kujenga draiva za namna hiyo), naye bila heda za kerneli hiyo, yani mafaili ya kujengea draiva, hawezi kufanya kitu. Nahisi wakati wa kuinstoo ulifuata yale maelekezo ya linux-headers-$(uname -r), ambayo yanaleta heda za kerneli ya siku ile tu, apdeti ikija heda haziji. Ndo maana ulikuwa huoni shida mpaka uliporestati, maana kabla ya hapo ulikuwa bado unatembelea kerneli ya zamani.

Ukiwa humo humo kwenye kerneli ya zamani yenye waifai, au chomeka simu kwa waya wa USB uwashe tetheringi (simu iipe laptopu intaneti), piga:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-generic-hwe-22.04
sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source

Kisha restati kawaida, usichague kitu kwenye GRUB. Hiyo pakeji ya kwanza usije ukaitoa, ndo itakayokuwa inakuletea heda kila kerneli mpya ikija.

kisima_kirefu:
Imekubali!! Nimerestati, nikazima kabisa nikawasha tena, waifai ipo, na dkms status sasa ina mistari miwili. Asante sana dada, hela ya kadi imebaki mfukoni.

jirani_wa_tanga:
Samahani nadandia hapa hapa, yangu ni Broadcom hiyo hiyo, dkms status inasema installed kwa kerneli ninayotumia lakini waifai bado hamna, na nikipiga sudo modprobe wl ili kuiwasha hiyo draiva inasema "Key was rejected by service".

mama_seva:
Yako ni Secure Boot mdogo wangu, ule ulinzi wa laptopu wakati wa kuwaka, inakataa draiva ambayo haina saini inayoitambua. Piga sudo update-secureboot-policy --enroll-key, itakuomba utunge paswedi, ikumbuke, kisha restati. Itakuja skrini ya bluu, bonyeza kitufe chochote haraka maana inasubiri sekunde 10 tu kisha inapita zake, chagua Enroll MOK (kuisajili saini yako), Continue, Yes, weka ile paswedi, halafu Reboot. Wengi wakiiona ile bluu wanadhani ni kirusi wanaikimbia, wewe tulia nayo. Ikigoma leta majibu ya mokutil --sb-state.